Kikombe Kilichokatika Mkono

Kitambaa kilikuwa bado kinaning'inia kwenye msumari nyuma ya mlango wa karakana, kimejikunja palepale fundo lilipozoea kukaa. Tangu mazishi ya mume wa Mama Kakao hakuna aliyekigusa. Asubuhi ile wifi yake ndiye aliyekitungua, akakikung'uta kwa nguvu kama anayekung'uta mkeka, na harufu ya kakao ikamjia puani.

"Kinanuka kaka yangu," alisema. "Haya. Nani anaanza?"

"Nitaanza mimi," alijibu Mama Kakao. Wateja ndio waliompa jina hilo, naye alikuwa amelizoea kuliko la kuzaliwa. Aliketi kwenye kigoda, akaipa meza mgongo, akajikaza.

Mezani alikuwa amepanga kila kitu kwa mkono wake mwenyewe: mkate mkavu, maziwa, vipande vya chungwa, karanga za kukaanga, kahawa, chai ya tangawizi. Pembeni sinia la peremende za chokoleti, nyeusi zile chungu upande mmoja, za maziwa upande wa pili. Alasiri angekuja mama mwenye mgahawa wa kona, aliyetaka kuambiwa kila peremende iandaliwe na kitu gani. Zamani kazi hiyo ilikuwa ya mume wake. Na mfukoni mwa aproni yake Mama Kakao alikuwa na funguo za karakana, kwa sababu fundi keki wa mtaa wa pili alikwisha kuzitaka ili aichukue karakana, naye alikwisha kujiambia kwamba siku hii ikimshinda, jioni anampelekea.

Alikuwa na siri moja. Tangu alipomzika mumewe, hasikii ladha. Uji, wali, machungwa, chokoleti yenyewe, vyote vilipita mdomoni mwake kama maji ya bomba. Hakumwambia mtu. Angeanzia wapi? Mtengeneza peremende asiyeonja ni sawa na fundi cherehani asiyeona tundu la sindano.

Wifi alimfunga kitambaa machoni. Katika nyumba ile kuonja kulikuwa na utaratibu wake, marehemu aliuweka na hakuna aliyethubutu kuugusa. Anayeonja hasemi neno. Anapewa peremende, kisha anapewa cha kuandamana nayo, kisha anachukua punje ya kakao na kuitumbukiza katika kimoja cha vikombe viwili vilivyo mbele yake. Kikombe kizima maana yake vinaelewana. Kilichokatika mkono maana yake vinagombana. Hakuna kuuliza, hakuna kuangalia uso wa mwenzako. Punje zinamwagwa mwisho, wote wakishaonja.

Mama Kakao aliujua mpangilio wa meza kichwani, na hukumu za marehemu alizijua kama njia ya kwenda kisimani. Mkate na nyeusi, ndiyo. Maziwa na nyeusi, hapana, yanaifunika. Chungwa, ndiyo. Karanga, ndiyo, tena ndiyo kubwa. Alitafuna, akameza, akapapasa mdomo wa kikombe, akatumbukiza. Kahawa, ndiyo. Kahawa na nyeusi ndivyo vilivyokuwa kifungua kinywa cha mumewe mpaka siku ya mwisho. Chai ya tangawizi, hapana. Marehemu alikuwa akisema tangawizi ni mgeni anayeongea kuliko mwenye nyumba.

Zamu ya wifi ilikuwa vituko. Alitafuna kwa sauti, akaguna, akaomba karanga mara ya pili "kwa uhakika zaidi".

"Utaratibu ni kunyamaza," Mama Kakao alimkumbusha.

"Nimenyamaza. Tumbo ndilo linaloongea."

Kisha alipopewa kahawa, wifi akaacha mzaha. Alikunywa tena, taratibu. Akavuta kitambaa hadi kwenye paji la uso na kuzitazama zile chupa mbili za kuhifadhi joto, zote nyekundu, zote zenye maua. Moja alikuwa ameileta yeye kutoka kwake.

"Wifi, tumechanganya chupa," alisema. "Hii si kahawa. Ni chai ya tangawizi."

Wifi alivuta vikombe vyote viwili, akamwaga punje juu ya meza, akazitazama. Hakuwa mtu wa kuzungusha maneno.

"Kahawa yako nilikupa mimi kwa mkono huu, kutoka chupa hiihii. Nikakuona ukiweka punje kwenye kikombe cha ndiyo. Halafu nikakupa kahawa yenyewe, ukaweka kwenye hapana." Alikaa. "Hukuonja kitu. Umenipa majibu ya kaka."

Nje mtu alipita na toroli, magurudumu yakilia kwenye mawe. Mama Kakao aliusubiri mlio upotee.

"Sisikii ladha," alisema. "Tangu siku ile."

"Ya chochote?"

"Ya chochote. Ile sufuria yako ya mchuzi niliyoisifu..."

"Aa! Na mimi nikaenda kujitapa kwa majirani."

Mama Kakao alitaka kulia, lakini kilichotoka ni kicheko, kikavu na kifupi, kikafuatwa na kingine. Mabega yake yakashuka. Hakuwa amejua kwamba alikuwa ameyabeba juu muda wote ule. Wifi naye alicheka, akijipangusa macho kwa kitambaa cha kaka yake.

"Sasa niambie," wifi alisema walipotulia. "Tangawizi ile yote, hukusikia hata kidogo?"

"Kulikuwa na kitu kinachoma kooni. Nikadhani ni moto wa kahawa."

"Moto gani? Si wewe uliyeniambia kila ninachomimina nikipoze kwanza, kwa kuwa ulimi ulioungua hauna kazi?"

Mama Kakao alimtazama. Kisha akaitazama chupa.

Safari hii hakufungwa kitambaa. Alichukua peremende nyeusi, akaiacha iyeyuke bila kuitafuna, akanywa chai. Hakusikia kitu. Akanywa tena. Moto mdogo uliteremka kooni, ukarudi juu nyuma ya pua, na hapo, kama mtu anayechungulia kwa kusogeza pazia, chokoleti ikaja. Ilikuja hafifu. Uchungu kwanza, pembeni mwa ulimi, halafu utamu nyuma yake, halafu ile harufu ya mbao mpya ambayo marehemu alikuwa akiisaka katika kila gunia la kakao.

Alishusha pumzi. Akachukua punje, akaitumbukiza katika kikombe kizima.

"Kaka angekasirika," alisema wifi.

"Angekasirika. Halafu angeomba aongezewe."

Mama mwenye mgahawa alikuja alasiri na mwavuli wake, akiwa na haraka kama kawaida.

"Dada, pole tena kwa msiba. Nyeusi niiandae na kahawa, si ndiyo? Mzee alikuwa akisema hivyo."

"Alikuwa akisema hivyo," Mama Kakao alikubali. "Mimi nasema chai ya tangawizi. Isiwe na sukari. Za maziwa ziwekee karanga. Chungwa nipe hadi kesho, bado sijalisikia vizuri."

Mgeni alionja akiwa amesimama. Akavuta kigoda, akaketi, akaonja tena, na mwavuli ukaanguka bila yeye kuuokota.

Walipoondoka wote, Mama Kakao alifua kitambaa na kukirudisha kwenye msumari, kikidondosha maji sakafuni. Akatoa funguo kwenye aproni, akafunga dirisha, akaziweka kwenye rafu ya sukari, mahali pake. Chupa ya kahawa ilikuwa bado na kiasi. Alijimiminia, akachukua peremende nyeusi, akavionja pamoja kama mumewe alivyovionja kila asubuhi, mgongo ukiwa umeegemea ukuta.

Vilikuwa vichungu. Vichungu mno, kila kimoja kikimsukuma mwenzake. Alikunja uso. Miaka yote ile alikuwa akitumbukiza punje katika kikombe kizima kwa sababu alisikia punje ya mumewe ikilia humo kwanza.

Alivuta kile kilichokatika mkono, akatia punje yake taratibu. Kisha akainywa kahawa yote, hadi machicha.