Kifua cha Okinyi

Kwa karibu mwaka mzima Selpher aliwaambia jamaa zake wote kwamba mwanawe Okinyi alikuwa na kifua kikuu. Ulikuwa uongo unaofaa. Ulieleza kwa nini kijana alikonda, na kwa nini kila asubuhi alitoka Kangemi, Nairobi, kwenda kliniki ya Ngara kunywa dawa mbele ya muuguzi.

Jumatano babu yake Okinyi akafa huko Ahero, na uongo ukamgeuka.

Jumapili jamaa walijaa chumbani kwa Selpher kupanga mazishi. Shemeji yake Were, aliyeshika daftari, akasema Okinyi ndiye mjukuu wa kwanza na baba yake hayupo tena, hivyo lazima akae nyumbani Ahero wiki nzima. Selpher akajibu kwamba dawa haimruhusu. Mercyline, mke wa Were, akauliza ni kifua gani hicho kisichopona. Mpwa wake alimaliza dawa kwa miezi sita.

"Hata vidonge husafiri, shemeji," Were akasema. "Vinakaa mfukoni."

Watu wakacheka. Selpher, ambaye hata mwenye nyumba alimwogopa mdomo, akaanza kukusanya vikombe vitupu. Mwanawe akikosa dozi siku kadhaa, angeanzishwa upya kwa kipimo kidogo, na arosto, yale maumivu ya kukosa unga wa heroini, ingerudi. Arosto ndiyo iliyomrudisha kwenye unga mara mbili. Lakini asipokwenda, wangesema hakumzika babu yake.

Okinyi akaweka kikombe chini.

"Si kifua, baba mdogo. Nilikuwa natumia unga. Dawa yangu ni methadoni, ya kuachia unga, na sipewi nibebe. Nikishameza, muuguzi ananiambia nitaje jina langu, ajue sijaificha mdomoni. Nimetaja jina langu siku mia tatu na kumi na mbili. Sijakosa hata moja."

Selpher alitazama sakafu, kisha akaona huo ni upuzi, akainua uso. Mtoto wake alikuwa amekaa wima kuliko wanaume wote mle ndani.

Okinyi akatoa barua. Ijumaa, bila kumwambia mama yake, alikuwa ameiomba kliniki impangie dozi zake Kisumu kwa siku zote za matanga. Walikubali.

Were akaisoma mara mbili. Akauliza nani atampeleka Kisumu kila asubuhi na boma limejaa wageni. Kisha akajijibu mwenyewe.

"Pikipiki yangu iko nyumbani. Lakini ukichelewa kuamka, nakuja kukuvuta miguu."

Mercyline akaanza kusema kwa sauti ya chini kwamba mambo haya yabaki humu ndani. Selpher akamkatiza.

"Yabaki kwa nini? Andika kwenye ratiba, shemeji. Kila siku, saa moja asubuhi: Okinyi, Kisumu, dawa."

Were akaandika. Selpher akainama juu ya daftari kuhakikisha hakuna mahali palipoandikwa kifua.