Kushoto Hapana, Kuume Hapana

Néhémie alifungwa kwa sababu ya swali. Hakuiba, hakumtukana mtu. Alikuwa karani wa reli hapa Kalemie, mji wetu wa kando ya ziwa, mtu wa kupiga pasi shati lake mwenyewe, na ila yake ilikuwa moja tu: mdomo wake ulitangulia. Majina ya ubatizo yalikuwa yamekwishapigwa marufuku, na kila mtu aliitwa sitwayeni, yaani raia, kwa hiyo kwenye biro, ofisini kwake, alikuwa na jina jipya la mababu, lakini nyumbani alibaki Néhémie.

Siku hiyo wafanyakazi wa reli na bandari walikusanywa wafundishwe itikadi. Mfundishaji wa Chama, aliyeletwa kutoka Lubumbashi, aliwaeleza kwamba mabepari wako kuume, wasoshalisti wako kushoto, na sisi wa Zaire hatuko kushoto, hatuko kuume, wala hata katikati hatuko. Sisi tumerudi kwa mababu, tuna otantisite yetu, uhalisi wetu. Kisha akauliza kama kuna swali. Watu wenye akili zao wakatazama viatu. Néhémie akanyoosha mkono.

"Sitwayeni mufundishaji, kama hatuko kushoto, hatuko kuume, na katikati hatuko, sasa tunasimama wapi?"

Aliuliza kwa nia njema kabisa, na mkewe Victorine aliwaapia watu hivyo miaka mingi baadaye. Lakini fundi mmoja wa injini, kule nyuma, akaangua kicheko, kicheko kikapita benchi kwa benchi, na usiku huo Néhémie akalala kasho, chumba cha mahabusu.

Victorine alikuwa kiongozi wa kundi la animasyo la bandarini. Kwa asiyezijua enzi zile, kila pahali pa kazi palikuwa na kundi lake la kuimba na kucheza kwa ajili ya Chama. Asubuhi bendera inapanda, watu wanaimba, wanakata viuno, ndipo kazi inaanza, kama muda umebaki. Victorine alilelewa kwenye kwaya ya kanisa, na sauti yake ndiyo iliyompatia kazi ya kupiga taipu, maana kwa vidole vyake peke yake asingeipata. Nyimbo za Chama alizitengeneza kwa njia rahisi. Alichukua wimbo wa misa, akamtoa Yesu, akamweka Kiongozi, na mambo yakaenda.

Alipokwenda kumwombea mumewe, komisere, mkuu wa mji, hakumzungusha.

"Mama, mukubwa wa mukoa anakuja. Anataka wimbo mupya, ya kueleza itikadi yetu. Si zile za kanisa munageuza maneno. Yule alisoma kwa mapadri, anazijua zote. Anataka ya mababu kabisa. Ukimupendeza, nitamuomba juu ya bwana yako. Usipomupendeza, watamupeleka Lubumbashi, na kule mimi sina mukono."

Victorine akarudi nyumbani, akakaa, akatafuta. Kila sauti aliyoianza ilimalizikia kwenye wimbo wa kanisa wa Bikira Maria. Mababu gani hao? Mababu zake hawakumwachia wimbo hata mmoja, isipokuwa huo mmoja ambao haukuwa wa kuguswa.

Ulikuwa wa mama yake. Mama Marceline alizaliwa pwani ya kaskazini ya ziwa, akashuka Kalemie na biashara ya samaki, na sasa aliuza ndakala, dagaa wa ziwani, sokoni pamoja na wanawake wengine wa kwao. Mwanawe wa kiume, Bonaventure, ndugu mdogo wa Victorine, alikuwa mvuvi. Huko kwao wanawake walikuwa na wimbo wa siku moja tu, siku mtumbwi unaporudi bila mwenyewe. *Mutumbwi imefika, mwenyewe ako wapi?* Haukuimbwa siku nyingine, hata kwa kunong'ona ukiosha sufuria. Na ukianzishwa, kila mwanamke wa kule anayeusikia hufungua kitambaa cha kichwa, akaketi chini, miguu ameinyoosha. Haulizi amekufa nani. Anaketi kwanza.

"Nipe ule wimbo, mama," Victorine alisema.

Mama Marceline hakujifanya haelewi.

"Sufuria ukiazima, unarudisha. Hii utairudisha namna gani?"

"Ni siku moja tu. Néhémie ako kasho, mama."

Mama yake akaendelea kuchambua ndakala. Mwishowe akasema, "Mimi nilikufundisha siku baba yako alipotea ziwani. Sina ya kukupa tena. Unayo."

Victorine akaiharakisha sauti ile, akaitilia ngoma tatu na makofi, akaivika maneno mapya: *Kushoto hapana, kuume hapana, Kiongozi mbele, sisi nyuma.* Ikawa tamu. Ndiyo iliyomtia hofu zaidi, kwamba ilikuwa tamu hivyo.

Jambo moja alilisahau, nalo ni kwamba mkubwa akija, soko linafungwa ili watu wapange mistari barabarani. Kundi lilipoanza kuimba mbele ya stesheni, mkubwa akiwa amesimama jukwaani na fimbo yake, mwanamke mmoja wa ndakala akafungua kitambaa. Akaketi mavumbini. Wa pili akaketi, wa tatu, kisha mstari mzima, vichwa wazi, macho chini, na katikati yao Mama Marceline. Wasingeweza kufanya vingine. Miili yao ilifundishwa hivyo kabla ya Chama kuzaliwa. Ngoma zikaendelea, kwa kuwa hakuna aliyethubutu kuzisimamisha.

"Wale wanafanya nini?" mkubwa akauliza.

Victorine akaona yote kwa mara moja. Wanawake wale walikuwa wanamlilia Kiongozi wa nchi kama maiti, mchana kweupe, na yeye ndiye aliyewaimbisha. Akisema kweli, kasho itajaa.

"Sitwayeni komisere wa mukoa, kwetu hii njo heshima ya mababu. Neno kubwa hatulisikilize wima."

Mkubwa akawatazama wale wanawake kwa muda mrefu. Kisha uso wake ukafunguka. "Hii," akawaambia wasaidizi wake, "hii njo otantisite." Akaagiza wimbo uimbwe katika kila shule na kila biro ya mkoa, na kila mwanamke akiusikia aketi namna ile ile.

Néhémie akatoka juma hilo hilo, amekonda, na tangu hapo hakuuliza swali la aina yoyote, hata la chumvi kwenye mboga. Wimbo ukapanda treni mpaka Kabalo, ukapanda milima mpaka Pepa kwa wachunga ng'ombe. Watoto wakaurukia kamba. Victorine akapandishwa cheo.

Msimu wa mvua, dhoruba ya alfajiri ikausukuma ufuoni mtumbwi wa Bonaventure. Taa ilikuwamo, nyavu zilikuwamo.

Wanawake wa kwao wakashuka ufuoni, wakafungua vitambaa, wakaketi. Mwenye kuanzisha ni mama wa aliyepotea. Mama Marceline akaanza, polepole, kwa maneno ya zamani. Hakufika mstari wa pili. Watoto wa shule waliokuja kutazama wakaitambua sauti, wakapiga makofi, wakakata viuno. *Kushoto hapana, kuume hapana!* Wanawake wa mjini waliokuwa wakipita wakaketi kwa utaratibu, kama walivyoagizwa. Askari wa bandari akasimama wima na kupiga saluti.

Mama Marceline akanyamaza.

"Endelea, mama," Victorine alisema, analia.

"Niendelee na gani?"

Néhémie alikuwa amesimama mchangani na shati lake lililopigwa pasi. Victorine alimtazama, akamshukuru Mungu kwamba mumewe yu hai, na akamchukia kwa hilo hilo, yote mawili kwa wakati mmoja.

"Basi anzisha ya kanisa," mama yake akamwambia. "Ya kuzika. Wewe unazijua."

Victorine akavuta pumzi, akafungua mdomo, na maneno yaliyokuja yalikuwa ya Chama. Akajaribu wimbo mwingine, ukaja vile vile. Akafunga mdomo. Wakamlilia Bonaventure bila wimbo, kila mmoja kwa sauti yake.