Bwawa la Mzee Kiponda

Mzee Kiponda alipostaafu kazi ya kiwandani Changamwe, alijenga nyumba yake Mishomoroni, akauzungushia uwanja ukuta wa matofali, na tangu hapo hakutaka wageni. Mkewe, Mweri, ndiye aliyependa watu. Alikuwa na wateja wake wa mbata, wenzake wa kwaya, na Pasta Jefwa, aliyekuwa akimwombea mzee kwa miaka ili siku moja akanyage kanisani. Mzee akiambiwa habari hizo hujibu kwamba Mungu anapajua kwake.

Mwaka ule afisi ya kodi za majumba iliamua kuipiga mitaa picha kutoka angani, ili kila kiwanja kitozwe kwa kadiri ya kilichojengwa ndani yake. Kindege kisicho na rubani kikapita Mishomoroni adhuhuri moja, kikivuma kama nyuki. Mweri alikuwa ameanika mbata uani juu ya turubai kubwa la buluu. Alikitazama, akadhani ni cha wapiga picha wa harusi, akaendelea kugeuza nazi zake.

Miezi ikapita, kisha likaja dai la kodi. Kiponda alivaa miwani akalisoma, akamwita mkewe walisome pamoja, maana peke yake hakujiamini. Walikuwa wametozwa kama hoteli ya Shanzu. Ati walikuwa na bwawa la kuogelea la biashara, na siku ya picha wateja walikuwa wamejaa majini, vichwa vyao vikionekana waziwazi. Vichwa vyenyewe vilikuwa ni nazi za Mweri.

Mzee alikwenda kulalamika, na afisi ikamtuma mthamini aje ahakikishe. Alikuwa binti aitwaye Valarie, mgeni katika pwani, mwenye adabu. Aliwaamkia shikamoo mara mbili, akauzunguka ua wote, akainua turubai akachungulia chini yake. Kisha akaketi, akapewa dafu, na uso ukamsawijika. Alieleza kwamba katika simu yake ya kazi kulikuwa na majibu matatu tu: bwawa linatumika, bwawa limefukiwa, au mwenye nyumba amemkatalia afisa kuingia. La kusema bwawa halijawahi kuwapo halikuwamo.

"Mimi nayaamini macho yangu, mzee," alisema. "Mfumo ndio hauyaamini."

Kiponda akamwambia basi aandike limefukiwa. Valarie akasema angependa sana, lakini jibu hilo lilidai picha mbili zilizopigwa papo hapo uani, moja ya bwawa lenyewe na nyingine ya mahali palipofukiwa. Alikwisha kumwuliza mkubwa wake, Bwana Musyoka, naye alimjibu kwamba kitu hakiwezi kufukiwa kabla ya kuchimbwa, na hapo hakukosea.

Usiku ule mzee hakulala vizuri. Kulipokucha akamwita Nzai, mchimba visima, akamwomba amchimbie shimo la kufukia. Nzai aliuliza shimo lina kazi gani. Alipoelezwa akauliza upande wa kina kirefu uwe wapi. Kiponda akasema popote, litafukiwa Jumatatu. Nzai akakataa. Kazi isiyo na umbo, alisema, hakuzoea kuiwekea mkono. Akachimba bwawa la kweli, upande mmoja kina cha magoti na mwingine cha kifua, na vidaraja vya kushukia amevichonga katika mwamba wa matumbawe. Mweri alitoa turubai lake likatandikwa ndani.

Valarie alikuja akapiga picha, mfumo ukaikataa. Ilitakikana maji yaonekane. Likaitwa lori la maji. Majirani waliokuwa wakichota maji kwa madumu tangu mfereji ukauke walipanda juu ya mawe kuchungulia ukutani, na Mzee Kiponda akaona haya akaingia ndani. Mara hii picha ilikubaliwa. Valarie aliahidi kurudi Jumatatu, mchanga ukishamwagwa, kupiga ile ya pili.

Habari zilimfikia Pasta Jefwa. Yeye alikuwa na waumini wanaongoja ubatizo, na aliogopa kuwarudisha ufuoni Shanzu, kwani mara ya mwisho walipozama na kuibuka hawakuvikuta viatu vyao. Aliomba apewe Jumapili ile moja tu, kabla ya kufukia.  Mweri alimtazama mumewe tu, na mzee akaona kumwaga maji yale bila kumfaa mtu ni dhambi kubwa kuliko kuwapokea wageni. Akakubali, kwa sharti kwamba yeye asiitwe nje.

Jumapili kanisa zima likaingia uani na ngoma zake. Kumbe Valarie naye alikuja siku hiyo, kwa kuwa Bwana Musyoka alimhimiza amalize mtaa ule kabla ya Jumatatu. Alimkuta Pasta ndani ya maji hadi kiunoni na mama mmoja mnene akiibuka huku akikohoa. Alisubiri mpaka wimbo ukaisha. Kisha akatoa simu, akabonyeza jibu ambalo hakuna aliyekuwa na haja nalo hapo awali: bwawa linatumika. Papo hapo yakafunguka maswali mapya, linatumika kwa hoteli, kwa shule, au kwa ibada. Akabonyeza ibada, na mfumo ukaandika kwamba mahali pa ibada hapatozwi kodi.

Akamfuata mzee jikoni akamweleza. Sharti lilikuwa moja, kwamba waumini wafunguliwe lango kila wiki, na afisi ingekuja kukagua.

"Kila wiki?" mzee akauliza.

"Kila wiki, mzee."

Kiponda aliketi juu ya gunia la mbata. Mweri, aliyekuwa akisonga sima, alijifunika mdomo kwa leso, na mabega yakawa yanatikisika. Mzee hakujua kama analia au anacheka, wala hakuuliza.

Basi ndivyo ilivyokuwa. Kila Jumapili mzee alilalamikia viatu vilivyorundikwa mlangoni pake, akalalamikia ngoma, akamlalamikia mpiga kinanda anayekosea palepale kila wiki. Mwanzoni alijifungia chumbani. Baadaye alitoa kiti hadi mlangoni, ili awaone, alisema, wasije wakamwibia.

Jumapili moja hakuja mtu. Kanisa lote lilikuwa limekwenda mazikoni Kaloleni, na Mweri alijua ila hakumwambia. Mzee alikaa kitini amevaa shati lililopigwa pasi. Jua lilipopanda alikwenda kufungua lango, akatazama njia huku na huku, akaliacha wazi. Ilipokaribia adhuhuri alimpigia Pasta Jefwa simu, akamwuliza kwa ukali kama watu wake hawajui saa.