Ugonjwa wa Hewani

Mwaka 1957, mwaka wa mafua makubwa, mtu wa serikali alipita kijijini Wema akitangaza: "Ugonjwa huu uko hewani!" Watu wakatazamana. Hewani! Hilo lilikuwa jina la kijiji cha jirani, na Gladys, mke wa Buya, alikuwa ametoka huko juzi tu kumzika shangaziye. Tangu hapo hakuna aliyepokea hata maji mkononi mwake.

Buya naye akashikwa. Alikohoa wiki nzima, homa ikashuka, akaomba ndizi na samaki. Gladys akashusha pumzi. Asubuhi iliyofuata mkono wa kulia wa mumewe ulilala kama si wake, mdomo ukapinda, maneno yakapotea yote.

"Umemletea ya kwenu," alisema Priscilla, mamake Buya. "Rudi Hewani. Kama mwanangu anataka ubaki, aseme mwenyewe."

Aseme! Mtu asiyeweza hata kuomba maji!

Wakampeleka Garsen kwa mtumbwi. Halake, dresa, mhudumu wa zahanati, alimpima, akamsikiliza Priscilla akilaumu Hewani, akatikisa kichwa. "Ni kiharusi. Nimeona wawili wengine, mafua yanakwisha, wanapooza. Nadhani homa inaharibu damu, inaganda, inaziba njia kichwani. Na hewani, mama, ni katika hii pumzi tunayovuta sote. Si kijijini."

Priscilla akainamisha macho, lakini hakufuta neno lake. Gladys alibaki ameduwaa. Mafua, kitu cha kupenga na kusahau, ndiyo yaliyomwangusha mwanamume mzima! Aliogopa hata kuvuta pumzi.

Wakati wa kurudi, Kadenge, mpiga kafi aliyekaa mbele, alianzisha wimbo wa kupigia makafi. Katika wimbo huo kila mwanamume, zamu yake ikifika, hutia jina la mwanamke anayempikia. Kadenge akamtaja wake. Zamu iliyofuata haikuwa na mtu wa kuimba.

"Gladys ee, nipokee, narudi!"

Ilikuwa sauti ya Buya, nzima, ikitoka katika mdomo uliopinda. Makafi yakasimama. Gladys alisisimka mwili wote.

"Sema tena, mwanangu!" Priscilla alisihi.

Buya akajitahidi hadi jasho likamtoka. Hakuna neno.

Basi Gladys, ambaye hata kwaya ya kanisa ilimwomba aimbe kwa sauti ya chini, akauanza wimbo upya kwa sauti yake mbovu. Zamu ikafika, Buya akamwita tena. Aliyeitikia "Mpokee, Gladys!", huku machozi yakimtiririka, alikuwa Priscilla.