Singa za Mama Mkwe

...nyeupe, ndefu, hazina hata chembe ya ganda, kazikwangua na kuzianika vizuri mno, na hilo ndilo linaloniudhi, ningependa zije na madoa, zije zimeoza, nizitupe kwenye takataka bila kusema neno, lakini nazivuta singa za mkonge moja moja kwenye meza yangu ya ukaguzi, hazikatiki, mkonge wa shamba lake haujawahi kuwa mzuri hivi, "Zina kasoro, mwanangu?" anauliza mama mkwe, mwanangu, leo mimi mwanangu, siku ile mbele ya wageni nilikuwa gogo, "Nyumba yangu haifugi tasa," akanitolea sanduku uani mvua inanyesha, mume wangu kasimama mlangoni anatafuna kucha, halafu akaletwa mke mwingine, tumbo kavu, akaletwa wa tatu, kavu, mpaka mtaa mzima ukajua mgumba ni nani, ila mama huyu hajaniambia samahani, ulimi ule haulijui neno hilo, na mwanawe huyo kahamia mbali, hampelekei hata salamu... "Subiri, mama," nasema, nachambua upya, polepole, kwenye foleni mtu anaguna, "Anatafuta chawa humo?", wanacheka, yeye hacheki, vidole vyake vimechanika kwa miiba, vimevimba, navitazama na kushiba... nikisema daraja la tatu nani atanipinga, neno langu hapa ndilo la mwisho, atajitwika mzigo wake, atalia njiani, na basi, kesho atapeleka kwa mkaguzi mwingine na mimi nitabaki na nini, kilio cha njiani ambacho hata sitakisikia, hasira hasara, hapana... nimpe la kwanza, leo, na safari ijayo, na nyingine, nimsifu mbele za watu, nimpe kiti, azoee, ajione ana mtoto, aanze kuniombea dua, apande mkonge mpaka mlangoni kwake kwa kuitegemea meza hii, aache kila kitu kingine, halafu siku moja atakuja amechangamka, ananiita mwanangu kwa sauti ili wote wasikie, nami nitamtolea mzigo wake nje, mbele yao... "Miguu inaniuma, mwanangu," anasema, na bado nimelishika fungu lake, sijatamka daraja lolote, ila moyo umepoa, namtazama usoni kwa mara ya kwanza tangu afike, namtabasamia, naye, maskini, anatabasamu pia.