Dakika Tisa za Upepo wa Baba

Jamani, hili hamtaliamini, na sitawalaumu: wiki iliyopita, kwenye meza yetu ya chakula, upepo wa miaka miwili iliyopita ulivuma tena. Ule ule! Ngojeni nianze vizuri.

Baba yangu alikuwa fundi wa minara ya simu. Kazi yake kupanda. Simu aliivaa kifuani kwa kamba, na akifika juu lazima aturekodie ujumbe wa sauti, mimi na dada. Nusu maneno, nusu upepo. "Haloo! Huku juu naliona paa letu! Mwambieni mama yenu aanue nguo, mvua hiyo!" Halafu fuuuuu. Halafu anacheka: "Mkwe huyo!" Upepo mkali aliuita mkwe, eti unakuja bila taarifa na lazima uuheshimu. Mama anatoka mbio kuanua, mvua yenyewe hainyeshi, jioni baba anarudi anakuta amenuniwa. Nyumba nzima kicheko. Yaani zile jioni, basi tu.

Ujumbe wake wa mwisho uliingia kwenye simu yangu nikiwa kwenye chumba cha mtihani. Nilipotoka nikaambiwa kashuka mnarani, kakaa chini, presha, yuko hospitali. Hakurudi. Ujumbe wenyewe ni wa dakika tisa na sijaufungua mpaka leo. Najua mtanishangaa. Lakini nikiufungua, umeisha. Nisipoufungua, baba bado ana kitu hajaniambia.

Sasa dada. Yuko mwaka wa mwisho chuo cha ufundi, mimi namwita Profesa, na katengeneza mfano wa mtambo wa umeme wa upepo: mapanga matatu ya bomba la plastiki, na mbele yake feni inayoongozwa na kompyuta. Mara ya kwanza mwalimu wake aliangalia akasema, "Huu sio upepo, hii ni feni," maana ilivuma vile vile mwanzo mwisho. Dada akaiambia kompyuta ijibunie kasi yoyote. Mtambo ukatetemeka kama una homa, panga moja likaruka likavunja jagi la mama. Mwalimu akamwambia upepo wa kweli una kumbukumbu. Wa sekunde hii umetoka kwenye wa sekunde iliyopita. Unapanda, unasita, unashuka. Alete wa kweli Ijumaa, la sivyo arudie mwaka.

Autoe wapi? Kituo cha hali ya hewa wana wastani wa saa nzima tu. Na nje, msimu huu, hata shuka kwenye kamba haitikisiki.

Jumatano mchana akaja chumbani kwangu akasimama mlangoni. Dada huwa hasimami mlangoni, huwa anaingia.

"Mdogo wangu."

"Chaja naitumia."

"Sitaki chaja. Sikia. Ile kelele ya upepo kwenye simu, ikizidi ujue kasi imezidi. Nimeiweka simu ya baba mbele ya feni pamoja na kipimo cha upepo cha chuo, inakubali kabisa."

"Si uchukue zile sauti zake za zamani?"

"Fupi. Nusu dakika, dakika. Nataka mfululizo." Akaitupia macho simu yangu kwenye chaja. Nikaelewa: ule wa dakika tisa.

"Hapana."

"Hatusikilizi! Spika nazima, kompyuta inasoma mawimbi tu."

"Nimesema hapana, Profesa."

"Kwani alikuwa baba yako peke yako?"

Hiyo iliniingia. Alhamisi mchana nikampa.

Akapanga mtambo na feni kwenye meza ya chakula, akazima spika, akawasha. Mama akasimama jikoni na mwiko mkononi. Feni ikaanza polepole, ikapanda, ikasita, ikapanda tena, na mapanga yakaifuata bila kutetemeka hata kidogo. Nikasogea mbele ya feni nikafumba macho. Huu ndio aliokuwa nao baba usoni, kule juu. Ukaja mmoja wa nguvu, kitambaa cha meza kikainuka.

"Mkwe," mama akasema, kwa sauti ndogo mno.

Dakika ya saba feni ikapiga kelele ya ajabu. Dada akaizima haraka, akakodolea macho kioo cha kompyuta.

"Hapa sio upepo," akasema. "Hapa anaongea. Sekunde arobaini."

Dada akakikata kile kipande, upepo akabaki nao, akanisogezea kompyuta. "Hizi ni zako. Alikutumia wewe."

Kidole changu kikawa pale pale juu ya kitufe. Hakishuki.

"Mwanangu," mama akasema, "mimi miaka miwili sijamsikia akisema neno jipya."

Nikachomoa spika za masikio mfukoni mwangu, nikachomeka, nikampa. Akaweka moja, nyingine akampa dada. Mimi nikatoka nje nikakaa kwenye ngazi, nikitazama nguo zimening'inia kimya.

Nikasikia mama anacheka. Kicheko kile cha zamani, cha kuanua nguo bure.

Ijumaa dada amefaulu, mwalimu kauliza upepo mzuri hivi kautoa wapi, dada kasema nyumbani. Na tangu siku hiyo mama ananiangalia wakati wa kula, anatabasamu, anasubiri nimuulize baba alisema nini. Sijauliza. Wewe ungeuliza?