Gogo la Mtakawa

Jumamosi asubuhi, kabla ya msimu wa tufani, kijiji kilikutana kuchagua vifaa vya kuwashia moto. Chifu Kalorib alivimwagia maji ya bahari kimoja kimoja, kwa kuwa tufani haibembelezi. Viberiti vya gesi vilikohoa. Vya njiti vikawa uji.

"Cheche kama chawa," Kaltang alisema, akikwaruza chuma cha kutoa cheche kilicholetwa na watu wa msaada. "Hizi haziunguzi hata ndevu zako, Chifu."

"Ndevu zangu ziache. Mama Rosina, zamu yako."

Leimas, mama yake Rosina, akafunua turubai, akatoa gogo kavu la mtakawa na kijiti chake. Moto wa kusugua unataka watu wawili: mmoja asugue, mwingine akalie gogo lisicheze. Rosina akatoka kwenye kundi la watoto, akalikalia. Gauni lake lilichuruzika maji. Alikuwa na miaka saba, na alikufa katika tufani ya mwaka juzi.

"Sogea kidogo, mwanangu."

"Fanya haraka, Mama. Nasikia baridi."

Siku ile ya tufani paa zote ziling'olewa na kuni zote zikalowa. Viberiti vikavu vilikuwa ghalani, lakini Chifu alikuwa amekwenda mjini, na mlangoni alikuwa ametundika jani la namele, alama ya mwiko, kuzuia wezi. Jani la mwiko huondolewa na aliyelitundika tu. Mwingine akiligusa, faini ni nguruwe na aibu ya ukoo mzima. Wanaume walisimama mbele ya jani hilo wakitazamana. Leimas naye alisimama, Rosina mgongoni akitetemeka, mpaka akaacha kutetemeka.

Sasa Leimas alisugua mpaka moshi ukapanda, kaa likashika makumbi. Watu wakasogea kuota. Rosina hakukauka.

"Mtakawa umeshinda," Chifu akasema. "Vyote viende ghalani."

"Safari hii kila nyumba ikae na vyake, Chifu. Nakuomba," Leimas alisema.

"Mviwashie sigara? Hapana, mama."

Wanaume wawili wakalibeba gogo. Rosina hakutaka kushuka, wakambeba naye, wakilalamika kwamba maji yanawaingia mikononi. Wakamweka ndani, kati ya mapipa. Chifu akafunga mlango, akatundika jani bichi.

Leimas hakuligusa. Aliuhamishia moto wake ubavuni mwa ghala, akachuchumaa, akawa anasukuma makaa kidogo kidogo kuelekea kwenye ufa wa ukuta, upande ule Rosina alikokuwa akikohoa, naye apate kuota.